Bibi aliyekataa kusomewa Paulo

Howard Thurman, aliyekuja kuwa mhubiri na mwalimu mkubwa Marekani, alilelewa Daytona, Florida, na bibi yake aliyezaliwa utumwani. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo mjukuu ndiye aliyemsomea Biblia. Zaburi sawa, Isaya sawa, Injili tena na tena. Nyaraka za Paulo hakutaka kuzisikia, isipokuwa mara mojamoja ile sura ya upendo ya Wakorintho wa Kwanza. Thurman alipokuwa mtu mzima ndipo akathubutu kumwuliza sababu. Bibi akamweleza kwamba bwana wao alimkataza mhubiri mweusi kuwahubiria, akawaletea wa kizungu, naye neno lake, la Paulo, halikubadilika: "Enyi watumwa, watiini wao walio bwana zenu." Bibi akamwahidi Muumba wake kwamba uhuru ukija, na yeye akijaliwa kujua kusoma, sehemu ile hataisoma kamwe.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi katika darasa la Biblia ninaloliongoza, na hakosekani mtu wa kukunja uso. Sisi ni nani hata tuchague katika neno la Mungu? Ni swali la haki kabisa. Ila walioanza kuchagua hawakuwa watumwa. Mwaka 1807 ilichapwa London Biblia maalumu kwa watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Yusufu akiwa mtumwa yumo. Musa akiwatoa Waisraeli Misri hayumo. Waliokata kurasa zile walijua vizuri kitabu cha Kutoka kinaweza kumfanya nini mtu aliyefungwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema James Cone, mwanateolojia mweusi wa Marekani, aliingiza siasa katika dini. Siasa aliikuta imeshakaa ndani. Cone alikulia Bearden, Arkansas, enzi za ubaguzi wa kisheria. Detroit ilipowaka kwa ghasia za ubaguzi wa rangi Julai 1967 na watu 43 wakafa, alikuwa akifundisha chuo kimoja papo hapo Michigan. Aprili iliyofuata Martin Luther King akauawa. Mwaka 1969 akatoa kitabu chake cha kwanza, akisema Mungu wa Biblia yuko upande wa wanaokandamizwa, na kwamba Kristo ni mweusi kwa sababu amejifungamanisha nao. Waliokasirika walikuwa wengi. Mimi kila nikisoma Luka 4, pale Yesu anaposema ametumwa "kuwaacha huru waliosetwa", nashindwa kuona Cone alizidisha nini.

Jambo lake linaloniuma zaidi aliliandika uzeeni, mwaka 2011: kwamba wanateolojia weupe wa Marekani walihubiri msalaba miaka nenda rudi wasiuone mti ambao weusi walinyongwa na makundi ya watu hadharani, nchi yao hiyohiyo. Mamie Till aliuona. Mwaka 1955 mwanawe Emmett, wa miaka 14, aliuawa Mississippi. Mama akaagiza jeneza liachwe wazi kanisani Chicago, watu waone alichofanyiwa.

Hata hivyo Cone peke yake hatoshi. Delores Williams, mwanamke mweusi na mwanateolojia, aliuliza mwaka 1993: na Hajiri je? Mjakazi Mmisri anatoroka mateso, malaika anamkuta jangwani, anamwambia arudi kwa Sarai, mke wa Abramu, aliyemmiliki. Hakuna bahari inayopasuka. Mungu anampa njia ya kuishi, yeye na mtoto, na kwa wanawake wengi weusi hiyo ndiyo imani waliyoijua. Mtu anayehubiri ukombozi bila kumsoma Hajiri atawaacha nje wengi waliomo kanisani mwake.

Afrika Kusini mjadala uliwaka upya mwaka 1985, hali ya hatari ikiwa imetangazwa. Wachungaji na wanateolojia waliokutana Soweto walitoa Waraka wa Kairos, tamko la kuupinga utawala wa ubaguzi wa rangi. Watetezi wa serikali ya makaburu walikuwa wakishika Warumi 13, kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Paulo tena! Wachungaji wale hawakumruka. Walimsoma hadi mstari wa nne, unaosema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, kisha wakafungua Ufunuo 13, ambako dola iliyoasi wito huo ni mnyama atokaye baharini.

Sura hizo mbili ndizo tutakazosoma darasani Jumapili ijayo, kwa sauti, moja baada ya nyingine.