Likizo ya meli na bimkubwa: tulivyojiandaa kupanda Liemba, Kigoma mpaka Mpulungu

Watu wakisikia nilimpeleka mama likizo ya meli wanajua tulienda Zanzibar au Ulaya huko, hapana jamani, tulipandia hapa hapa bandari ya Kigoma, ile meli ya Ziwa Tanganyika inayoitwa Liemba, mpaka Mpulungu Zambia na kurudi. Ilikuwa mwaka 2016 kabla meli haijasimama kwa ajili ya matengenezo makubwa. Naandika kwa sababu kupanda meli ni rahisi, unapandisha ngazi basi, kazi ipo kwenye maandalizi, na naamini mtu anayetaka safari ya meli ya kupumzika kwa mara ya kwanza, iwe ziwani iwe baharini, mengi yatamfaa.

Kazi ya kwanza kabisa haikuwa hela, ilikuwa ni mama mwenyewe. Mama yangu ni mtu wa Ujiji, biashara ya mawese na dagaa ndo imetusomesha wote, na hizo meli za ziwani kazipanda miaka na miaka, daraja la tatu, na madumu yake na magunia. Sasa unamwambia mtu kama huyo kwamba tunapanda meli tunaenda kutembea tu, anakuangalia. Akaniuliza, "Tunampelekea nani nini?" Nikamwambia hatumpelekei mtu kitu mama, tunaenda kupunga upepo. Akasema upepo si upo Kibirizi, nenda ukakae pale ufukweni bure.

Alivyoona tumekomaa akakubali, ila kwa sharti abebe madumu kadhaa ya mawese, auze huko chini, nauli irudi. Hapo ndo nilipokataa na nikakataa kweli kweli, na kama kuna kitu kimoja nilikipigania kwenye safari nzima ni hicho. Manake mtu mwenye mzigo melini halali. Kila kituo lazima uamke ushuke uangalie vitu vyako, nani kapanda, nani anashuka, nani kasogeza gunia la nani, miaka yote hiyo mama kapita kwenye ziwa lenye milima mizuri vile na macho yake yako kwenye madumu. Dada yangu anayekaa Tabora ndo alimpata, alimpigia simu akamwambia, "Mama shikamoo, sisi tumeshakukatia kitanda, ukibeba mawese utaenda kulala nayo chini na kitanda kitabaki kitupu, hela yetu itakuwa imepotea." Hela kupotea hilo akalielewa.

Pesa tulichanga ndugu watatu. Mimi ni mwalimu, hela ya kukaa nayo mkononi sina, kwa hiyo niliingia kijumbe na walimu wenzangu na nikaomba zamu yangu iangukie mwezi wa tano, dada akawa anatuma kidogo kidogo kwa simu, mdogo wetu alibeba upande wa chakula. Ushauri wangu kwenye bajeti ni kwamba usihesabu tiketi tu. Sisi tuligawa tiketi, chakula cha melini, hela ndogo ndogo ya kununua vitu njiani, alafu fungu la nne ambalo tuliliita la kuchelewa, na hilo hatukuligusa mpaka tumerudi. Liemba ilikuwa meli ya abiria na mizigo kwa pamoja, ilikuwa inasimama vijiji vingi vya mwambao na vingi havina gati, mzigo ukiwa mwingi inachukua muda, kwa hiyo ukipanga siku zako zikabana kabisa utakuwa unaumwa roho badala ya kupumzika. Ratiba yake wakati ule ilikuwa kila baada ya wiki mbili, inatoka Kigoma Jumatano saa kumi jioni, inafika Mpulungu Ijumaa asubuhi, inageuza siku hiyo hiyo na kurudi Kigoma Jumapili. Ukisoma haraka unasema basi Jumatatu naingia kazini, mimi nilikataa, tulichagua safari ya katikati ya likizo ya mwezi wa sita ili hata ikichelewa shule bado zimefungwa. Dada naye alikuja na treni kutoka Tabora akafika siku kadhaa kabla, akalala nyumbani, akala, akatulia, sio mtu unashuka stesheni unakimbilia bandarini na begi kichwani. Tena Kigoma stesheni na bandari ni jirani kabisa, ndo maana inakushawishi uunganishe siku moja, usikubali huo ushawishi.

Kuhusu chumba. Vyumba vya daraja la kwanza vilikuwa vichache, vitanda viwili, dirisha na sinki la kunawia, viko juu ambako hewa inapita. Daraja la pili ni vyumba vya watu wengi zaidi na viko chini kwenye joto, la tatu ni kukaa. Nilienda ofisi ya bandarini mapema nikaandikisha majina, alafu kila nikipita mjini naingia kuulizia tena, sio kwamba siwaamini, ila jina la kwenye daftari ukilitembelea linakaa vizuri. Na mama nikamuombea kitanda cha chini, kupanda ngazi usiku meli inayumba kwa mtu wa umri wake sikutaka.

Makaratasi sasa. Kwenda Zambia Mtanzania hahitaji viza ila lazima uwe na pasipoti au ile hati ya dharura ya kusafiria. Mkoa wetu uko mpakani, Burundi hapo, Kongo ng'ambo, kwa hiyo maswali ya uraia yanakuwa marefu na ni kawaida, jiandae nayo tu. Mama kitambulisho chake cha kura na cheti chake cha kuzaliwa jina lilikuwa linatofautiana herufi moja, hiyo herufi moja ilituzungusha mpaka kwa mwanasheria kula kiapo, kwa hiyo kama una mzee unataka kumsafirisha anza na majina yake miezi kabla, kaa naye chini toa bahasha yote ya makaratasi mwaga kitandani linganisha moja moja.

Chanjo ya homa ya manjano nayo ina mambo yake. Kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, sio siku ile ile, alafu mtu akishapita miaka 60 daktari anatakiwa amuangalie kwanza kabla hajachanjwa. Mama ana presha, kwa hiyo tulimpeleka hospitali akapimwa, akaulizwa dawa anazotumia, ndo akachanjwa. Tukaomba na dawa za presha za kutosha mpaka tumerudi na za ziada juu yake, zikakaa kwenye mkoba wake wa mkononi, sio kwenye begi kubwa. Hilo nalirudia, dawa za mzee zinakaa mkononi.

Nikaja kwenye suala la mawimbi. Mwezi wa sita ni kiangazi, mvua hakuna, ila upepo wa kusi unavuma na ukienda kusini unakutana nao usoni, hilo ziwa sio dogo, lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina chake kinafika mita 1,470, duniani kwa ziwa lenye kina kirefu linazidiwa na Baikal la Urusi tu. Wageni wakiona maji ya bluu yametulia pale bandarini wanajua ndo hivyo njia nzima. Mimi nilinunua vidonge vya kichefuchefu famasi na tukavimeza kabla ya meli kuondoka, ukingoja mpaka umeanza kutapika kidonge kinatoka na chai. Mama yeye alibeba tangawizi mbichi na ndimu, akasema hivyo ndo alivyovijua, na sikubishana naye.

Mengine tuliyobeba: sweta na mashuka, manake ziwani usiku baridi ipo watu hawaamini, tochi kila mtu na yake, pawabenki mbili, kufuli dogo la begi, maji ya kunywa katoni, na hela taslimu za noti ndogo ndogo. Hii ya noti ndogo ni muhimu kwa sababu sehemu kubwa ya mwambao ule mtandao ulikuwa hakuna, hiyo hela ya kwenye simu haikusaidii, na mtu wa kwenye boti anayekuuzia nanasi hana chenji ya elfu kumi. Chakula melini kilikuwepo, wali, ugali, samaki, kuku, unanunua, lakini mama hakukubali kuingia melini mikono mitupu, alikaanga migebuka usiku kucha na chapati juu, na nashukuru alikaanga maana jioni ile ya kwanza hakuna aliyetamani kuinuka pale juu kwenda kupanga foleni.

Kitu kingine nilichoandaa ni habari za meli yenyewe, tulikuwa na mtoto wa dada anapenda kuuliza. Liemba ilitengenezwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar alafu kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa majini mwaka 1915, wakati huo inaitwa Graf von Götzen. Vita ikawakalia vibaya Wajerumani, Julai 1916 wakaizamisha wenyewe jirani na mdomo wa mto Malagarasi, ila mafundi wakazipaka mashine grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Nilipanga nimsimulie mtoto tukifika maeneo ya Malagarasi jua likizama, na nilianza vizuri tu, mama akanipokea katikati, kumbe hiyo ya grisi anaijua tangu mdogo, akamwambia mjukuu wake, "Ndo maana nakwambia ukimaliza kutumia jembe lipake mafuta." Mtoto akaelewa kuliko maelezo yangu yote ya miaka.

Usiku sasa ndo kuna shughuli. Meli inapiga honi, inasimama mbali na kijiji, taa zinawashwa, unaona giza huko alafu unaanza kusikia injini za boti na watu wanapiga kelele. Boti zinajibana ubavuni mwa meli, mlango wa pembeni uko wazi, watu wanapanda na wengine wanashuka kwa wakati mmoja, magunia, kuku, magodoro, mananasi ya Lagosa ambayo harufu yake inakufikia mpaka juu. Sisi tulikuwa tumeegemea vyuma vya juu tunaangalia. Kulikuwa na dada mmoja amevaa kitenge cha njano, mtoto mgongoni, anarusha mzigo wake kwanza huku yeye bado yuko kwenye boti, mama akashika kichwa, "Hapana mwanangu! Tangulia wewe, mzigo apokee mtu wako, huo gunia sasa ni wa nani?" Yule dada wala hamsikii, kelele zote zile. Mama hakutoka pale mpaka alipomuona kaingia na gunia lake kalikalia. Ndo akaniangalia akasema haya twende tukalale.

Na akalala. Usiku wa pili meli inayumba haswa, tumepita Karema, dada yangu yuko macho anamuita Mungu, mimi nimeshika kitanda, mama anakoroma. Asubuhi akasema hajawahi kulala hivyo kwenye maji maisha yake yote. Mimi hiyo kauli ndo ilinilipa hela ya kijumbe yote.

Mpulungu wenyewe usiupangie makubwa kama unarudi na meli hiyo hiyo, muda ni mfupi, tuligongewa mihuri, tukabadilisha hela kidogo, tukanunua vitenge, tukala, tukarudi. Kuna watu wanataka kuona maporomoko ya Kalambo, yale yaliyoko mpakani yenye urefu wa zaidi ya mita 200, hayo hayaingii kwenye masaa machache ya meli kugeuza, inabidi ulale. Sa ingine ni bora ushukie Kasanga upande wetu uendelee na barabara ya Matai mpaka Sumbawanga, ila hapo ujue nyumbani unarudi kwa mabasi, na kwa mzee mwenye presha mimi sikushauri.

Kurudi mawimbi yalikuwa mgongoni, watu tumezoea, mama keshajuana na nusu ya meli. Tulipopita Kipili mchana ukaona vile visiwa na mashua zimelala, mama akauliza pale kuna pa kulala wageni, nikamwambia papo. Basi keshaniambia safari nyingine ni Kipili, tushuke tukae pale mpaka meli irudi, na bado anauliza kama kukaa muda wote huo madumu mawili tu ya mawese yatakuwa na shida gani.