Nilivyouokoa mtambo wa biogesi uliochacha

Fundi wa kwanza aliniambia mtambo umekufa: niufungue, nimwage tope lote, nioshe, nianze upya. Nilikataa, na nashukuru nilikataa.

Wetu ni wa kuba, umechimbiwa nyuma ya zizi hapa Kibosho. Tulipouza ng'ombe wawili kinyesi kilipungua, tukashauriwa tufidie kwa machicha ya mbege, pombe ya ndizi, na maganda ya ndizi. Mwanzoni gesi ikaongezeka. Baadaye jiko likawa linatoa upepo usioshika moto, na kwenye tundu la kutokea tope kukanuka uchachu. Karatasi za kupimia pH, za bei ya kawaida tu, zilionyesha chini ya 6, wakati mtambo wenye afya hukaa karibu na 7; namba ikishuka, uchachu umezidi.

Humo ndani hakuna kijidudu kimoja kinachogeuza kinyesi kuwa methani, ile gesi inayowaka. Kuna bakteria wanaochachusha vyakula laini upesi na kutoa asidi. Kuna wengine, kama Syntrophobacter, wanaokula asidi propioniki na kuacha asidi asetiki, kaboni dayoksaidi na haidrojeni. Hawa hawapati nguvu yoyote haidrojeni ikirundikana. Inatakiwa iwe chini ya takriban sehemu moja kwa elfu kumi ya kanieneo ya hewa. Anayeiondoa ni arkea wa methani, kijidudu kinachofanana na bakteria ila si bakteria, ambaye haidrojeni ndiyo chakula chake. Wamefungamana hivi kwamba Methanobacillus omelianskii alidhaniwa kiumbe kimoja hadi mwaka 1967, Bryant na wenzake huko Marekani walipoonyesha kuwa ni wawili: mmoja anakula ethanoli na kutoa haidrojeni, wa pili anaigeuza methani. Wabia hawa huzaana polepole, na machicha yalikuwa yamewalemea.

Fundi wa pili akaja na chokaa. Tukakoroga, tukamimina, na jioni hiyo moto ukawaka wa buluu, jirani wakaja kushangilia. Mama mkwe akabandika maharage. Hayakuiva. Chokaa hunyonya kaboni dayoksaidi, kwa hiyo gesi iliyobaki kwenye kuba huonekana kali kwa muda, na pH hupanda. Lakini walaji wa asidi haikuwaongeza hata mmoja. Siku chache tu uchachu ukarudi, na fundi alishalipwa.

Kilichouponya ni tope la jirani ambaye mtambo wake unawaka vizuri. Chukua tope linalotoka, siyo kinyesi kibichi pekee, maana ndani yake wabia wameshazoeana. Mimi nilijaza madumu hadi shingoni nikafunga vifuniko hapo hapo, kwa kuwa arkea hawa hawavumilii oksijeni. Usafiri wa bodaboda ulinigharimu kuliko chokaa. Nilimimina taratibu bila kukoroga kwa nguvu: haidrojeni inabidi ivuke umbali mdogo sana kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake, na kukoroga ovyo huvunja mabonge wanamoishi pamoja. Kulisha nilishasimamisha kabisa, na hapo ndipo nyumbani waliponilalamikia zaidi, eti mtambo una njaa.

pH ilipanda yenyewe. Ilipotulia juu kidogo ya 6.8 nikaanza na kinyesi kidogo, kisha nusu ya kawaida. Machicha bado natumia, kiasi cha kopo kwenye ndoo ya kinyesi, na karatasi ikianza kushuka naacha siku hiyo hiyo, hata kama jiko bado linawaka.