Mashine ya joto la gesi na baridi ya umeme: bodi ilikuwa nzima

Watu wa pwani nikiwaambia ukumbi ninaoutunza Njiro, Arusha, una mashine ya kupasha joto, wanacheka. Waje Julai saa moja asubuhi, ukungu umefunika Mlima Meru na washiriki wa semina wamejikunyata ndani ya makoti, ndipo tuongee.

Mashine yenyewe ni boksi kubwa la bati lililokaa juu ya zege nyuma ya jengo. Nusu yake ni AC ya kawaida yenye kompresa. Nusu nyingine ina vichomeo vya gesi, na feni moja kubwa inapeleka hewa ukumbini kupitia mifereji ya bati iliyopita darini, iwe ya moto au ya baridi. Imetoka Marekani, ila kibao chake kinasema hezi 50, kwa hiyo umeme wetu inaukubali.

Mafundi wa AC hapa mjini nusu ya baridi wanaiweza sana. Nusu ya gesi wanaiogopa. Msimu mmoja wa baridi joto lilianza vituko: linawaka, sekunde chache linazima, linajaribu tena, mwisho kimya kabisa. Fundi wa kwanza alifungua mlango wa boksi, akatazama taa ndogo ikikonyeza, akatoa hukumu: bodi, yaani saketi inayoongoza mashine, imekufa, iagizwe nje. Wa pili alikuja na njia ya mkato. "Kaka, hii swichi ya presha tuiunge moja kwa moja, uone kama haitawaka." Nikamkatalia palepale. Swichi ile kazi yake ni kuthibitisha kwamba moshi unavutwa nje. Ukiiruka, siku njia ya moshi ikiziba gesi itaungua vibaya na kutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu, na kati ya moto huo na hewa wanayovuta watu ukumbini kuna ukuta wa bati tu.

Mama mwenye jengo alishaanza kutafuta pesa ya bodi. Nikamwambia, "Mama, subiri kidogo, niitazame mwenyewe kwanza."

Ndani ya mlango wa mashine kuna mchoro wa waya uliobandikwa, na hapo ndipo pa kuanzia. Amri zote zinapita kwenye nyaya nyembamba za volti 24 zinazotoka kwenye transfoma ndogo. Herufi R ndiyo inayoleta umeme huo, C ndiyo njia ya kurudi. Termostati ya ukutani, pamoja na kioo chake na vitufe vyake, kwa mashine kama hii ni swichi tu: ikiunganisha R na W imeomba joto, R na Y imeomba baridi, R na G imeomba feni. Basi nikazima umeme, nikatoa waya za termostati kwenye bodi, nikaunga R na W kwa kipande kifupi cha waya, nikawasha. Kama joto lingekaa, ugonjwa ungekuwa ukutani. Vituko vikawa vilevile, kwa hiyo termostati haikuwa na kosa. (Ukijaribu hili, R isiguse C hata kwa bahati mbaya, fyuzi ya bodi itakwenda. Ni ile bapa kama ya gari, inapatikana duka lolote la vipuri. Na kumbuka kwamba kwenye kabati hilohilo kuna volti 230, hizo hazina utani.)

Kisha nikachuchumaa mbele ya boksi nikasikiliza. Kwanza feni ndogo ya kuvuta moshi inaanza kuvuma. Mvuto ukitosha, swichi ya presha inalia "tik". Bodi inasubiri kwa sekunde kadhaa ili gesi yoyote iliyobaki ndani itolewe. Halafu cheche zinalia tatatata, vali ya gesi inafunguka kwa mlio mzito, na moto wa buluu unatambaa toka kichomeo cha kwanza hadi cha mwisho. Yote hayo kwetu yalikwenda bila kasoro. Halafu vali ikafunga na moto ukafa.

Hapo jibu lilikuwa wazi kwangu. Bodi iliyokufa haiwezi kuendesha mpangilio wote huo kwa utaratibu namna ile. Hii ilikuwa nzima, tena inafanya kazi yake: ilifunga gesi kwa sababu haikuuona moto, ingawa mimi niliuona kwa macho.

Bodi inauona moto kwa njia ya ajabu kidogo. Kuna kijiti chembamba cha chuma kimesimama ndani ya ndimi za moto. Bodi inakipelekea umeme wa AC (si ile AC ya kupoza, ni umeme unaogeuza mwelekeo kila mara), na kwa kuwa moto unapitisha umeme, na kichomeo kilichoungwa na ardhi ni kikubwa kuliko kijiti, umeme unapita kwa wepesi upande mmoja kuliko mwingine. Matokeo yake ni mkondo mdogo mno wa DC, yaani wa upande mmoja tu, unaopimwa kwa mikroampia. Bodi ikiupata, inajua moto upo. Niliweka mita kwenye waya wa kijiti: 0.4. Chati ya mlangoni ilitaka usipungue 1.

Nikakichomoa. Kilikuwa na utando mweupe mgumu kama kioo. Nikakisugua kwa stili waya ileile ya kusugulia sufuria hadi chuma kikang'aa, kisha nikakwangua kutu kwenye skrubu ya ethi (ardhi) ya vichomeo, maana mkondo huo unarudi kupitia hapo. Mita ikapanda ikapita 3. Moto ukakaa. Bodi haikununuliwa.

Kilichobaki kilikuwa mazoea ya watu. Moto ukishakubalika, feni kubwa haianzi hapohapo, inasubiri kama nusu dakika ili isitupulizie hewa ya baridi. Na joto likishatosha, gesi inafungwa lakini feni inaendelea kuzunguka ili kupoza chuma. Mlinzi wetu alizoea kushusha swichi kuu mara tu mkutano unapokwisha, joto likabaki limefungwa ndani, na swichi ya kikomo, ile ya kuzuia joto lisizidi, ikawa inakatika. "Shikamoo mzee. Tafadhali zima kwenye termostati tu, ile swichi kuu iache." Aliguna, lakini anafanya.

Upande wa baridi kuna usumbufu wa aina hiyohiyo. Umeme ukikatika na kurudi, kompresa inazuiwa kwa dakika kadhaa, kwa sababu ikilazimishwa kuanza huku presha ya gesi ya kupozea bado haijasawazika, inakwama na kuungua. Wageni hawalijui hilo. Wanabonyeza hadi nyuzi 16 wakidhani ndiyo dawa, halafu wananiita. Na jioni volti zikishuka sana, kontakta, ile swichi inayowasha kompresa, inaanza kuguguma kwa sababu zile 24 nazo zimepungua. Hapo nazima, nangoja umeme utulie.

Jambo la mwisho ni gesi yenyewe. Mashine hizi mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa za gesi asilia, na sisi tunatumia ya mitungi, hivyo lazima zibadilishwe pua za vichomeo na springi ya vali. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo hata kiasi cha gesi kinatakiwa kipunguzwe. Yetu ilishafanyiwa, kibandiko kipo. Kilichotusumbua ni mtungi mmoja: asubuhi za baridi ulikuwa unavaa barafu kwa nje, presha inashuka, moto unafifia. Sasa tumeunga mitungi miwili mikubwa kwa pamoja, iko nje penye hewa, na barafu haionekani tena. Gharama ya kuijaza ni hadithi nyingine, mwulizeni Mama.