Mzee Aliyeinama Miguuni Pangu

Juzi mwanangu wa kati aliniuliza, mdomo umejaa chapati: "Baba, ukimsaidia mtu halafu asijue ni wewe, thawabu unaandikiwa?" Nikamwambia unaandikiwa, amalize kula. Lakini usiku ule usingizi uligoma. Kimawazo nilikuwa nimerudi Pune, India, mtaa wa Nana Peth, nimekaa juu ya turubai na bakuli la mafuta ya nazi, mguu wa mzee nisiyemjua uko mapajani mwangu.

Ilikuwa Juni, na upepo wetu wa kusi ukifika kule huwa ni mvua tupu. Mahujaji wa Wari, hija ya Wahindu ya kila mwaka, walikuwa wameingia mjini kutoka Alandi na Dehu, wakisindikiza viatu vya watakatifu wao, Dnyaneshwar na Tukaram, kwenda Pandharpur, mwendo wa kilomita kama 250 kwa miguu. Wengi ni wakulima. Wanawake hujitwika mrihani kichwani. Wakipumzika Pune, mji mzima unawahudumia: kinyozi ananyoa bure, fundi viatu anashona bure, na wanafunzi wanakanda miguu. Mwenzangu wa chumba hata hakunibembeleza. Alinitupia taulo, akasema twende.

Mguu wenyewe ulikuwa wa baridi. Kisigino kigumu kama kifuu, na nyufa zake zimejaa tope jeusi ambalo taulo halikulitoa. Ukucha wa kidole gumba haukuwapo. Nilikanda unyayo, nikapanda hadi kwenye shavu la mguu, na kila nilipobonyeza mahali pa kuuma mzee alinyamaza kidogo, kisha akaendelea kunong'ona, macho kafumba: "Gyanba-Tukaram, Gyanba-Tukaram," majina ya watakatifu wale wawili. Hakuniuliza natoka wapi, na Pune nzima ilikuwa ikiniuliza hivyo kila siku.

Nilipomaliza akasimama, akaweka vizuri kilemba chake. Nikajua anaondoka. Akainama, akanigusa miguu kwa vidole, kisha akavipeleka kwenye paji la uso wake. "Mauli," akasema. Mama. Ndivyo wanavyoitana wote njiani, mkubwa kwa mdogo.

Mimi, kijana wa Tanga! Mzee wa rika la babu yangu yuko chini miguuni pangu! Nilijaribu kumdaka mabega, na neno pekee lililonitoka ni "Shikamoo." Alikwishaingia kwenye umati.

Jioni mwenzangu akanieleza. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, ubeti wa 47, mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna kwamba haki yake iko katika kazi, haiko katika matunda yake. Na asije akakimbilia kukaa bure kwa sababu hiyo. Dnyaneshwar aliifafanua Gita kwa Kimarathi, lugha ya watu wa kule, mwishoni mwa karne ya 13, ili wasiojua Kisanskriti nao waipate. Ndiyo karma yoga: kazi isiyo na tamaa husafisha moyo, moyo ukisafika mtu huijua nafsi yake, na ujuzi huo humfungua asizaliwe tena na tena.

Nikamwambia bibi yangu aliyasema yote hayo kwa maneno manne: tenda wema nenda zako. Akacheka. Lakini yule mzee, kabla ya kwenda zake, alininyang'anya hata cheo cha mtoaji, na sidhani bibi alifika huko.

Mwenzangu akaongeza kisa cha Pundalik, aliyekuwa akiwahudumia wazazi wake Mungu alipobisha hodi. Hakuacha kazi. Alimtupia tofali asimamie kwanza, asubiri. Ndiyo maana sanamu ya Mungu huyo, Vithoba, kule Pandharpur imesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Mungu kawekwa foleni, nami nikamwona Pundalik kuwa jeuri kidogo.

"Na huo ukombozi," nikamwuliza, "kama ndio unaotafutwa, si tunda pia?"

Akasema swali hilo liliulizwa kabla babu zetu hawajazaliwa, na kwamba kesho alfajiri nisisahau taulo.