Kutoka Whitechapel hadi kwenye kaburi la Isaac Rosenberg

Nilianzia Whitechapel, mashariki mwa London, hatua chache kutoka stesheni ya Aldgate East. Iliyokuwa maktaba ya mtaa sasa ni sehemu ya jumba la sanaa, na ukutani kuna kibao cha buluu chenye jina la Isaac Rosenberg, mshairi na mchoraji. Alizaliwa Bristol mwaka 1890, mtoto wa Wayahudi fukara waliotoka Lithuania. Akiwa na miaka 14 aliacha shule akapelekwa kujifunza kazi ya kuchonga mabamba ya kuchapia, kazi aliyoichukia. Kusoma kwake kulikuwa hapa.

Kesho yake nikapanda treni hadi Lille, kisha nyingine hadi Arras, kaskazini mwa Ufaransa. Kutoka hapo nilitembea zaidi ya saa nzima kuelekea makaburi ya Bailleul Road East, shairi lake la “Break of Day in the Trenches” likiwa mfukoni. Ni alfajiri handakini, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Askari anachuma ua la popi ukingoni ili alichomeke sikioni, panya anamrukia mkononi. Panya huyo ameshagusa mkono wa Mwingereza. Akipenda atavuka akaguse wa Mjerumani. Mara ya kwanza shairi hili lilinishinda. Nimelelewa na vina na mizani, na kwetu shairi lisilovifuata, kama hili, lingeitwa guni. Nililielewa nilipolisoma kwa sauti: mistari inakatika pale pumzi ya mtu aliyekesha inapokatika. Jarida la Poetry la Chicago lililichapa Desemba 1916, mwandishi wake akiwa bado vitani.

Vita hakuipenda hata kidogo. Alijiandikisha mwaka 1915 ili nusu ya mshahara imfikie mama yake, akabaki askari wa cheo cha chini kabisa. Aliandika kwenye vipande vya karatasi, akavituma nyumbani, dada yake Annie akavipiga taipu. Bila mikono ya Annie tungekuwa na nini leo?

Aliuawa tarehe 1 Aprili 1918, akiwa na miaka 27.

Makaburi yako katikati ya mashamba, na mawe mengi hayana majina. Lake lina Nyota ya Daudi, na limeandikwa kuwa alikuwa msanii na mshairi. Lina maneno mengine pia: amezikwa karibu na hapa. Karibu, si hapa. Sikujua nielekee upande gani, basi nikalizunguka jiwe polepole, nikilisoma shairi lote kwa sauti.