Kwato za Tausi, mwezi wa tano na fundi

Fundi wa viatu vya farasi ameondoka sasa hivi, farasi wangu Tausi karudi zizini anakula nyasi na mimi niko hapa nje na rula na daftari, nikaona niandike kila kitu kabla sijasahau. Picha ziko kwa simu lakini hazionyeshi kazi ilivyofanyika.

Kwa anayefuatilia kwa mara ya kwanza: Tausi ni thorobredi (aina ya farasi wa mbio) jike, miaka 9, alikuwa anakimbia kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Racecourse akastaafu, nikamchukua Februari nikamleta huku Kiserian. Mwili mzuri, roho nzuri, shida ilikuwa kwato. Farasi wengi wa aina hii wana ukuta mwembamba wa ukwato na nyayo bapa, na yeye juu ya hiyo kwato za mbele zilikuwa zimerefuka na kisigino kimelala chini, ukimwangalia kwa upande ni kama mtu aliyevaa slipa zimemzidi. Nilipima siku hiyo ya kwanza kuanzia nywele zinapoishia mpaka chini, sentimita 9.6. Nikaandika kwenye daftari kwamba mradi wa mwaka huu ni kurudisha kwato hizi.

Aprili

Nilikuwa na haraka na nikamwita mtu aliyekuwa anapatikana siku hiyo hiyo, akampiga viatu kwa nusu saa akaenda. Siku ya nne Tausi hakanyagi mguu wa mbele wa kushoto kabisa. Na ilikuwa masika, ule udongo wetu mweusi unanasa mguu kama ugali, farasi amesimama kwa miguu mitatu na mvua haiachi, usiku ule sikulala.

Daktari wa mifugo alikuja akamdunga ya pepopunda na yeye ndiye aliyenipa namba ya mzee huyu, ndiye fundi wetu mpaka leo. Mzee alifika jioni na gari lake la Probox, fuawe iko nyuma, na kitu cha kwanza ni kwamba hakufungua hata boksi ya vyombo. Alisimama tu kama dakika kumi anamwangalia. Akaomba saisi (mtunza farasi) amsogeze hatua tatu, akaangalia, tena hatua tatu. Kisha akaweka mgongo wa mkono juu ya ukwato wa kulia, halafu wa kushoto, akaniambia "kijana, njoo uguse na wewe," na kweli ule wa kushoto ulikuwa moto, na kwa nyuma ya kifundo mshipa unapiga unausikia kwa vidole.

Sasa hapa ndipo nilipomvulia kofia. Hakung'oa kiatu kwa mkupuo, alitoa misumari mmoja mmoja huku anamwangalia Tausi masikio. Wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu wa upande wa ndani Tausi akavuta mguu kwa nguvu, na pale ulipotoka pakatiririka maji meusi yananuka. Jipu. Alinionyesha: chini ya ukwato kuna mstari mweupe, nje ya mstari ni ganda gumu lisilo na hisia kama kucha zetu, ndani ya mstari, juu ya nyayo, kuna nyama hai. Msumari wa farasi ncha yake imechongwa upande mmoja ili ukipigwa ujikunje kuelekea nje, lakini ukianzia ndani kidogo tu, milimita mbili tatu, unabana nyama au unaingiza uchafu. Na kwa ukuta mwembamba kama wa huyu nafasi ya kukosea hakuna.

Akapanua kile kitundu kidogo usaha utoke, tukaloweka ukwato kwenye maji ya uvuguvugu na chumvi ya Epsom, tukafunga na pampasi ya mtoto na ile tepu ya kijivu ya mafundi. Pampasi nilicheka lakini inakaa vizuri kuliko bendeji yoyote, jaribuni. Baada ya siku tatu akarudi mwenyewe kuangalia, hakunidai hata mafuta ya gari.

Mei na Juni

Jipu lilipona, nikamwambia fundi sasa kata urefu wote tumalize. Akakataa. Alibonyeza nyayo kwa kidole gumba ikabonyea, akasema "nyayo ni nyembamba, nikikata yote leo atatembea kwa nyama." Akapunguza kidogo kwa mbele, akaweka kiatu cha chuma kilichoviringwa mbele ili mguu unyanyuke mapema, na kisigino akakiwekea mahali pa kukaa. Nyuma akasema abaki pekupeku, asuguliwe kwato kwa tupa tu. Wiki tano kisha anarudi, na kweli harudi wiki ya nane, anarudi ya tano.

Anavyopiga misumari anasikiliza. Msumari ukiwa kwenye ganda zuri mlio ni mkavu, ukianza kuwa mzito anasimama, anautoa, anaanza upya. Nimemwona akitoa msumari ambao mimi ningeapa uko sawa.

Na mkono wake kwa farasi ni wa upole jamani. Tausi alikuwa na tabia ya kuvuta kwa nguvu mguu wa nyuma wa kulia ukiunyanyua, mimi nilidhani ni ukaidi. Mzee aliunyanyua chini sana, karibu na ardhi, Tausi akatulia. Akasema nyonga inamuuma ukiupandisha, ndio maana. Miezi mitatu nimekuwa nikimgombeza farasi anayeumwa, iliniuma sana siku hiyo. Alianza kazi kama saisi akiwa kijana, sasa mvi zimejaa, na bado anainama chini ya mnyama wa kilo 450 asubuhi nzima na akimaliza mguu anaushusha chini kwa mkono, hauachii udondoke.

Agosti

Hakuna kubwa. Kiangazi, udongo umekauka umepasuka, kiatu kimoja kililegea kwa sababu ukwato ukiloa na kukauka mara kwa mara misumari inacheza. Nikampigia, akaja kesho yake. Saisi wetu sasa anachokoa kwato kila asubuhi na jioni vile alivyofundishwa, kuanzia kisigino kwenda mbele.

Leo, Septemba

Rula inasema sentimita 8.6, kutoka 9.6 za Februari. Na kitu kizuri zaidi ni kwamba ukipitisha kidole kutoka kwenye nywele kushuka unakuta mahali ukuta umekunjika, juu ya hapo ni ukwato mpya ulioota kwa pembe iliyosimama vizuri, chini ni ule wa zamani. Ule mpya ni karibu sentimita 4, ukwato huota kama milimita 8 kwa mwezi kwa hiyo hesabu inaingia. Mkunjo ukifika chini ndio tutakuwa na ukwato mzima uliotengenezwa na mkono wa huyu mzee, natarajia kama Februari hivi. Tausi leo alilala usingizi wakati anapigwa viatu, mdomo wa chini umening'inia.

Chai alikunywa vikombe viwili. Kabla ya kuingia kwenye gari akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa zizi kama kawaida yake: tarehe ya Oktoba, na chini yake "mbele viatu, nyuma tupa".