Ufunguo wa pingu uko kwa nani?

Mzazi yeyote akiletwa leba kutoka gerezani, kabla hata sijashika kadi yake ya kliniki nilikuwa nauliza: ufunguo uko kwa nani? Wauguzi wapya walikuwa wananicheka. Hawakuwepo mwaka 2009.

Usiku ule aliletwa mahabusu mwenye uchungu, akisindikizwa na askari wa kike na koplo mmoja wa kiume. Binti mdogo, mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita sita. Mguu wa kulia ulikuwa na pingu, na mnyororo wake umefungwa kwenye chuma cha kitanda. Nikamwambia askari, "Afande, na uchungu huu atakimbilia wapi?" Akanijibu kwa upole tu, "Sista, akitoroka naingia mimi." Sikuweza kumlaumu sana. Askari akitorokwa hujieleza yeye, na hakuna karatasi iliyomwambia kwamba leo, kwa huyu, aiache pingu mfukoni.

Kwenye saa nane mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka. Mkunga hapo humlaza mama ubavu wa kushoto, mfuko wa uzazi usikandamize mshipa mkubwa wa damu. Tukamgeuza. Mnyororo ukakaza, mguu ukabaki nyuma umevutwa, na binti akapiga yowe ambalo halikuwa la uchungu wa kuzaa. Ufunguo? Anao koplo. Koplo? Ametoka kutafuta chai. Mhudumu wa wodi alivua kandambili akakimbia peku hadi getini. Mimi nilimshikilia binti, nusu ubavu nusu chali, jicho kwenye saa ya ukutani. Dakika kumi na moja.

Mtoto alizaliwa amechoka, tukampa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia pumzi, akalia. Kondo lilipotoka tu, koplo akamfunga mama yake tena.

Nilipokaa kuandika ndipo nilipokwama. Patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, ina mahali pa kila kitu: mapigo ya mtoto kila nusu saa, presha, mkojo, jinsi uchungu unavyokuja. Pa kuandika pingu hakuna. Niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, na hakuna aliyewahi kuniuliza ile kalamu nyekundu ni ya nini.

Kanuni nimezisoma nimeshastaafu, kwenye simu, miwani ikiteleza puani. Desemba 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Bangkok, zinazohusu wafungwa wanawake, na ya 24 inasema mwanamke asifungwe wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua, wala mara tu baada ya hapo. Mwaka 2015 Kanuni za Mandela, za Umoja wa Mataifa kwa wafungwa wote, zikalirudia hilo kwenye ya 48. Lililonishangaza zaidi ni kwamba kanuni za awali za mwaka 1955 zilishakataza minyororo. Yaani ilikatazwa kabla sijazaliwa, nami nimestaafu nikiiona. Na binti yule alikuwa mahabusu, hajahukumiwa. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika.

Kanuni za Mandela zimeandikwa na watu wanaojua jela. Pingu isiwe adhabu. Itumike pale tu njia nyepesi zaidi isipofaa, na ivuliwe mara hatari ikiisha. Mkuu wa gereza akiamuru mtu afungwe asijidhuru au asidhuru wengine, amjulishe daktari papo hapo na apeleke taarifa ngazi ya juu. Sawa. Lakini saa nane usiku mkuu wa gereza amelala, na daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji. Ningepewa nafasi, ningedai mistari michache kwenye karatasi anayokuja nayo askari: nani ameamuru pingu, kwa sababu gani kwa mtu huyu, imevuliwa saa ngapi, na jina la mwenye ufunguo, ambaye haruhusiwi kutoka wodini. Hata yule afande angelala usingizi, maana uamuzi ungekuwa na saini ya mkubwa wake.

Nami sina mikono misafi. Miaka ya nyuma, wodi ya upasuaji ya wanaume, tulikuwa na mfungwa mzee aliyepasuliwa ngiri. Siku ya tatu pingu ilishamchuna kifundo cha mguu hadi nyama nyekundu. Nikamsafisha kidonda, nikazungusha bandeji nene chini ya chuma, nikajiona muuguzi mwema. Aliyelinda pingu hapo ni mimi, maana baada ya bandeji ile hakuna tena aliyeona sababu ya kuivua. Mzee alinishukuru sana, ananiita mwanangu. Siku hiyo wala sikuuliza ufunguo.